Mistari ya Mlango wa Jimsi

Gari la kwanza kumdharau Hamza Mbwana waziwazi lilikuwa pikapu ya Jimsi, modeli ya elfu mbili na ishirini. Lilifika nyumbani Muaither, Doha, likiwa bado na nailoni kwenye viti. Mubarak, mtoto wa mwenye nyumba, akabonyeza kitufe, mlango wa nyuma wa bodi ukashuka, akaukunja mara moja, ukawa ngazi. Akamwambia baba yake apande. Yule mzee kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akipanda bodi la pikapu kwa kukanyaga viganja vya Hamza. Siku hiyo akakanyaga ngazi, akapanda, akashuka, akacheka peke yake. Hamza alikuwa amesimama pembeni, viganja tayari ameviunganisha kwa mazoea. Moyoni alilichukia lile gari, na mimi simlaumu.

Ukimwona leo, mzee mwembamba wa Muheza mwenye kofia ya viua, utadhani alizaliwa dereva wa Waarabu. Wapi. Hamza alikuwa fundi bodi pale Ngamiani, Tanga mjini, mtu wa nyundo na msasa, akinyoosha magari yaliyogongwa. Mwaka tisini na saba akapata viza ya udereva wa nyumbani, akamuaga mkewe Rukia, akamwambia anakwenda miaka miwili tu. Miwili yenyewe ndiyo hii, ishirini na minane.

Tajiri wake aliitwa Bu Mubarak, maana kule baba huitwa kwa jina la mwanawe. Mzee huyo alikuwa na ugonjwa mmoja: Jimsi. Pikapu hizo ubavuni zimeandikwa Siera, lakini Doha nzima inasema Jimsi, na mjadala unaishia hapo. Kila Wamarekani walipobadilisha umbo la pikapu ile, yeye alinunua, na la zamani hakuliuza. Aliliegesha uani chini ya turubai, na Hamza akalitunza kama lilivyo. Yakafika matano.

La kwanza lilikuwa la mwaka themanini na tisa. Rangi mbili, maruni juu na fedha chini, ghamara moja tu, yaani kibanda cha mbele chenye kiti kirefu cha benchi. Watu watatu wanakaa bega kwa bega, gia iko kwenye shina la usukani, kioo unakizungusha kwa mkono. Kwenye benchi lile ndipo Hamza alipojifunza Kiarabu, kwa sababu hapakuwa na pa kujificha: tajiri yuko hapa, dereva yuko hapa, katikati birika la kahawa. Walichovya mikono kwenye kopo moja la tende, na Hamza, ambaye ni mashoto tangu utoto, akijisahau anapeleka wa kushoto. Mzee alikuwa akimchapa kidogo kwenye kifundo.

"Mungu amekupa mkono wa kulia, Hamza, wewe umeuweka stoo," alikuwa akimwambia, kisha anacheka mwenyewe.

Mwaka elfu mbili likaja la vijimilango viwili vya nyuma vinavyofunguka kinyume, na vioo vya umeme. Sawa, watoto walipata pa kukaa. Mwaka elfu mbili na nane likaja la milango minne kamili na viti vya ngozi, na pale mbele, palipokuwa na benchi, pakawekwa sanduku pana la plastiki la kuwekea vikombe. Mzee akahamia nyuma. Hakuna aliyemfukuza Hamza kwenye kopo la tende, ila kopo lenyewe likahama na mzee. La elfu mbili na kumi na tano lilikuja na kioo cha ramani, likawa linamwambia mzee njia, wakati njia zote za jangwani aliyekuwa akizijua ni Hamza. Kisha hili la ngazi, lenye kamera mpaka kwenye trela. Zamani Hamza ndiye aliyesimama nyuma akipaza sauti, rudi, rudi, kidogo, bas. Kila umbo lilikuja na pua ndefu kuliko lililopita, na kila moja likaondoka na kazi moja ya Hamza.

Ila kulikuwa na kazi moja ambayo hakuna umbo lililoweza kumnyang'anya. Kila msimu wa baridi familia ilikwenda kupiga kambi jangwani, kusini kabisa, mbali kupita Al Wakrah, na mahema yalibebwa na lile la themanini na tisa tu. Bu Mubarak hakutaka jingine. Ikishasimama nguzo ya kwanza, mzee huchukua kigingi cha chuma cha hema, hushusha mlango wa bodi, na upande wa ndani hukwaruza mstari mmoja. Baridi moja, mstari mmoja. Mistari kumi na minne ya kwanza aliipiga yeye mwenyewe, wima, mizuri, kama mtu anayehesabu kondoo zake. Baridi ya kumi na tano alikuwa amevunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza bafuni. Akampa Hamza kigingi.

"Piga wewe," akasema.

Hamza akapiga. Kwa mkono wa kushoto, bila shaka, na mstari ukalala kidogo. Mzee akautazama, akatikisa kichwa, akasema hata mistari ya Hamza haijui kulia. Kifundo kilipona, lakini tangu siku hiyo kigingi hakikurudi kwake. Miaka ishirini Hamza ndiye aliyepiga, wao wawili tu wamesimama nyuma ya gari, vijana wako mbali wanapanda vilima vya mchanga kwa pikipiki za magurudumu manne. Mwaka aliofariki mama yake Mubarak hawakwenda kambini. Mzee alimwita Hamza uani asubuhi, akamwambia apige mstari nusu. Akapiga nusu.

Na kila mwaka, baada ya kupiga, Bu Mubarak alipitisha kiganja juu ya ile mikwaruzo, akaangalia boneti lililoungua na jua mpaka maruni imekuwa rangi ya matofali, akasema maneno yale yale. "Gari hili tumelichosha, Hamza. Siku moja tulirudishie rangi yake. Tufute na uchafu wetu huu." Hamza anajibu, "Inshallah, baba." Ikapita hivyo mpaka mistari ikawa thelathini na minne, na mzee akafariki kiangazi cha mwaka elfu mbili na ishirini na tatu.

Mubarak si mtu mbaya. Angekuwa mbaya hadithi hii ingekuwa rahisi kuisimulia. Alipokuwa mdogo alilala mapajani kwa Hamza kwenye lile benchi na kumwita ammi, yaani baba mdogo. Siku hizi anamwita Hamza, basi. Baada ya msiba alimwajiri Wesley, kijana wa Kikenya, kuendesha magari mapya, na mwaka huu mwezi wa sita akamwita Hamza majlisi, sebule ya wageni, akamkaribisha chai.

"Dereva ninaye," akasema. "Na bataka yako, kitambulisho cha ukaazi, inakwisha mwezi wa kumi. Lakini nataka magari ya baba niyaweke ukumbini, watu wayaone toka la kwanza hadi la mwisho, na nitahitaji mtu wa kuyatunza. Lile la kwanza linakwenda kwenye maonyesho Al Wakrah mwezi huo huo wa kumi. Litayarishe. Mambo yakienda vizuri, unabaki na magari yako."

Akaondoka na familia kwenda kupunga upepo ng'ambo, kama wanavyofanya joto likizidi.

Utauliza mzee wa miaka hamsini na saba anang'ang'ania nini ugenini. Uliza tu, hata mpishi wa nyumba ile alimuuliza. Jibu ni kwamba likizo ya mwisho alipokwenda Muheza, Rukia alimletea chai, akakaa naye kwa heshima zote, akamuuliza kama anatumia sukari. Mkewe wa ndoa. Mwanawe Time na wenzake walimpisha kiti kizuri na kumwambia shikamoo baba kama wanavyomwamkia shehe aliyepita njia. Hakukosewa adabu hata kidogo, na hilo ndilo lililomuua. Siku ya arobaini na tatu ya likizo alikuwa akihesabu siku za kurudi uani Muaither, chini ya turubai, ambako kila nati anaijua. Kwa Hamza kufukuzwa Doha hakukuwa kurudi nyumbani. Kulikuwa kwenda kukaa kwa watu.

Kwa hiyo alifanya kazi. Mwezi wa nane, joto la kuchemsha ubongo, alianza alfajiri na kuacha saa nne, akaanza tena magharibi. Alikwangua boneti, akapiga msasa mkubwa kisha mdogo, akafukia makunyanzi, akaazima kwa jirani kompresa ya kupulizia rangi. Ufundi wa Ngamiani ukamrudia mikononi kama hakuwahi kuuacha. Nafula, mpishi mwenyewe, mama wa Bungoma mwenye maneno yake, alimletea maji ya barafu, akasimama kivulini akimtazama.

"Mzee Hamza, hii kazi umetumwa ama umejituma?"

"Mwenye gari ameniambia."

"Mubarak?"

"Mwenye gari," Hamza akarudia. "Miaka ishirini ananiambia."

"Lakini huyo alienda, mzee wangu. Si uulize huyu mwenye yuko?"

"Huyu aliyeko anajua nini habari za rangi?"

Nafula akachukua jagi lake. "Haya, mimi ni wa jikoni. Lakini simu ni kitu ya dakika moja," akasema, akaingia ndani.

Na kweli ilikuwa dakika moja. Hapo ndipo alipokosea, na tusimtetee sana. Lakini jiweke kwenye viatu vyake vya vumbi: mtu huyu ametunza magari ya watu tangu ujana, na hajawahi kusifiwa kwa kitu kingine zaidi ya gari kung'aa. Gari chafu, dereva mvivu. Gari linang'aa, Hamza ni mwanamume. Ingemwingiaje akilini kwamba kuna binadamu mwenye pesa zake anapenda gari lililoungua? Yeye aliona wosia wa marehemu na maonyesho ya mwana vimekutana siku moja, akamshukuru Mungu.

Mlango wa bodi aliuacha mwisho. Akakaa mbele yake na kopo la puti ya kuzibia mikwaruzo, akasema bismillahi, akaanza kufukia mistari mmoja mmoja kwa kidole gumba. Alilia, asikudanganye mtu. Alilia kwa ile kumi na minne ya mzee, na alipofika kwenye mstari nusu alilia zaidi. Kisha akapiga msasa, akapuliza fedha, na mlango ukatoka laini unaweza kujitazama uso.

Mubarak alirudi mwezi wa tisa, alasiri. Alitoka nje akiwa na simu mkononi anapiga picha za video, akiongea na watu wake wa mtandaoni. Hamza akavuta turubai. Gari likatokea, maruni na fedha, jipya kabisa, kama limeshushwa melini leo. Mubarak akashusha simu. Hakuzunguka gari, hakugusa boneti. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akashusha mlango wa bodi, akakaa anautazama.

"Mistari iko wapi?"

"Nimeifuta, baba," Hamza akajibu. Humwita baba kama wafanyakazi wote wanavyomwita tajiri, hata akiwa amemlea. "Marehemu alitaka. Kila mwaka alikuwa akiniambia tulirudishie rangi."

"Baba alikuwa akitania."

"Miaka ishirini?"

Mubarak akatia simu mfukoni. Alisema polepole kwamba magari ya kung'aa yamejaa kila duka, na kwamba kwenye maonyesho gari linaloheshimiwa ni lile ambalo halijaguswa, lenye jua lake na mchanga wake. Kisha akasema kilichomuuma.

"Sina mwandiko wa baba yangu, Hamza. Hakusoma, hakuacha barua. Alikuwa na ile mistari tu. Umenifutia baba."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Hamza alisimama pale na tambara lake mkononi, akijiona mjinga, na chini ya ujinga ule kulikuwa na hasira, kwa sababu katika ile mistari thelathini na minne, ishirini ilikuwa yake. Lakini mtu aliyefuta anaanzaje kusema hayo?

Baada ya wiki akaletwa Ndirangu, Mkenya wa Nakuru anayeishi mtaa wa Najma hapo hapo Doha, ambaye kazi yake ni kuzeesha vitu. Ndiyo, kuna kazi hiyo. Mahoteli yanampa milango mipya, yeye anaifanya ionekane ya zamani. Akaja na asidi zake, na brashi za waya na msasa, akaanza kuunguza rangi ambayo Hamza alikuwa ameipiga kwa wiki tatu. Nafula akamshauri Hamza akae karibu, amsaidie fundi, pengine moyo wa tajiri utalegea. Hamza akakaa. Alishika ndoo huku kazi yake inakwanguliwa mbele ya macho yake, na alitumaini bado, hilo ndilo la aibu zaidi.

Walipofika kwenye mlango wa bodi, Ndirangu akatoa picha aliyotumiwa na Mubarak. Ilikuwa moja tu, na mtoto fulani wa familia alikuwa ameikalia nusu ya mistari.

"Mzee, hapa sioni kitu. Wewe unakumbuka vile ilikuwa?"

"Nakumbuka."

"Basi nisaidie. Chukua hii," akasema, akimpa msumari wake wa kazi.

Hamza akaukataa. Akaenda kwenye sanduku la vifaa, akarudi na kigingi cha hema. Kumi na minne ya kwanza aliipiga kwa mkono wa kulia, pole pole, akitweta, kwa sababu mkono ule haujui kazi hiyo. Ikatoka wima. Kisha akahamishia kigingi kushoto, na mistari ikaanza kulala, mmoja baada ya mwingine, bila hata kufikiri.

"Mbona unabadilisha mkono?" Ndirangu akauliza.

"Ya kwanza ni ya mzee. Hii ni yangu. Yeye ananiambia, mimi napiga."

Ndirangu akaacha kusugua. "Na bosi anajua?"

"Hajawahi kuuliza," Hamza akasema, akapiga mstari nusu mahali pake, akaendelea hadi wa mwisho. Ndirangu akapaka mafuta machafu na vumbi, akaisugua mpaka ikazeeka.

Mubarak alikuja saa kumi. Akashusha mlango, akapitisha kiganja vile vile alivyokuwa akipitisha baba yake. Alikwenda nao mmoja mmoja, wima, wima, wima, na alipofika wa kumi na tano kiganja kikasimama.

"Tazameni," akasema, na sauti ilikuwa imeshabadilika. "Hapa baba yangu alianza kuzeeka. Mkono unalala. Unalala kila mwaka. Na huu hapa, mwaka wa mama, hakuweza kuumaliza."

Akalia, mwanamume mzima, mbele ya mafundi wawili. Ndirangu akamtazama Hamza, Hamza akatazama chini. Mubarak akafuta uso kwa ncha ya kilemba, akamshika Ndirangu bega.

"Umenirudishia mkono wake. Magari yote matano nitakukabidhi wewe."

Ndirangu akasema ahsante bosi. Na yeye ana bataka yake, na yeye ana watoto wake Nakuru. Ila kwa yule mzee aliyeshika ndoo, jua liliwaka maradufu. Maneno aliyotaka kumwambia Mubarak yalikuwa haya. Ishirini hiyo ni yangu, wewe mtoto niliyekupakata, unalilia mkono wangu. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kusema pale Mubarak alipomgeukia, macho bado mekundu.

"Wewe ulikuwepo, ammi," akasema. Miaka mingapi hajasikia neno hilo. "Ni kweli mkono wake ulikuwa ukitetemeka hivi?"

Alikuwa amemfutia baba mara moja. Hamza alimtazama yule mtoto wa benchi, akaona kwamba akisema kweli atamfutia mara ya pili, na asipoisema ameondoka Doha.

"Ndiyo, baba," akajibu. "Ulikuwa ukitetemeka."

Mubarak akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, na jioni ile ile akamtuma Wesley kumletea tiketi.

Siku ya safari Wesley alimpeleka kwa lile la ngazi na kamera. Begi lilikuwa nyuma kwenye bodi, moja tu, miaka ishirini na minane yote imeenea humo. Hamza alikaa upande wa abiria, sanduku la vikombe katikati yao. Karibu na uwanja wa ndege simu ikalia, ujumbe wa sauti wa Rukia kutoka Muheza, sauti ya upole, yenye adabu.

"Baba Time, tumesikia unakuja moja kwa moja, tumefurahi. Naomba uniambie nikupikie nini, maana sijui siku hizi unakula nini."

Alishika simu karibu na mdomo amjibu. Alifikiri mpaka Wesley akaegesha na kuzima gari, na hakukumbuka ni chakula gani alikuwa akikipenda nyumbani kwake.